"Niko mutu": herufi nene za wafanyakazi wa Memphis

Bandugu wa mine, na ninyi bamama wenye kutungojea ku nyumba, leo tuongee juu ya herufi. Mutu ataniuliza: herufi zinaingia namna gani mu mambo ya sendika? Zinaingia sana.

Mwaka 1968, ku muji wa Memphis, Marekani, watu weusi karibu 1.300 walikuwa wanaokota takataka za muji. Tarehe 1 Februari mvua ilinyesha. Wawili wao, Echol Cole na Robert Walker, wakajikinga mvua nyuma ya lori, mahali pa kushindilia takataka. Mashine ilikuwa mbovu. Ikajiwasha yenyewe, ikawaua. Sisi wenye kushuka mu shimo tunajua kifo cha namna ile.

Tarehe 12 Februari wenzao wakaingia mu greve. Waliomba mushahara mzuri, usalama wa kazi, na sendika yao itambuliwe. Meya Henry Loeb akakatala.

Tarehe 28 Machi wakakusanyika mbele ya kanisa Clayborn Temple, na karatasi ngumu mu mikono: "I AM A MAN". Kwa Kiswahili chetu: niko mutu, niko mwanaume. Maneno ine paka! Juu kule muzungu aliweza kumwita hata baba mwenye wajukuu "boy". Neno lile tunalijua hapa Congo. Babu zetu waliliitika.

Angalia picha za siku ile. Herufi ni kubwa, nene, zinasomeka toka mbali. Neno AM limepigiwa mustari chini. Hazina urembo.

Miaka mingi nyuma yake, mchoraji wa herufi Tré Seals, Mmarekani mweusi, alichukua mfano wa karatasi zile, akatengeneza herufi za kompyuta. Akaziita Martin, jina la Martin Luther King, mwenye alikuja kuwasaidia wafanyakazi wale na akauawa palepale Memphis tarehe 4 Aprili.

Greve iliisha tarehe 16 Aprili. Muji ulitambua sendika na kuongeza mushahara. Herufi peke yake hazikuleta ushindi. Miezi miwili ya kukaa pamoja bila kugawanyika njo iliuleta. Lakini herufi zilifanya kila mutu aelewe kitu gani kinaombwa.

Leo herufi zenye kuchubuka zinauzwa. Kompyuta inazikwaruza makusudi, zionekane kama za mikono, na mwenye kuuza bia anaziweka ku matangazo yake. Si vibaya, lakini mukwaruzo wa kununua hausemi kitu.

Basi, siku tutaandika banderole yetu, tusijaze mistari kumi. Maneno machache, herufi nene, asome hata mwenye kupita mu bus. Na mbele ya kutafuta kaliko na rangi, tukae kwanza tusikilizane: neno letu moja ni gani?