Karatasi za Shule Zingoje Desemba

Shule za Ediofe, zilizokua kando ya misheni ya Kikatoliki jijini Arua, Uganda, hutoa taka za karatasi kwa msimu. Katikati ya mwaka daftari bado lina kazi. Ikikaribia Desemba mitihani imekwisha, na madaftari yaliyojaa, karatasi za majaribio na maboksi ya chaki huishia shimoni yakachomwa. Anayetaka kuanzisha mpango wa kurejeleza karatasi hufikiria kwanza mapipa ya rangi mbele ya kila darasa. Kwa Ediofe, mimi ningeanza na mnunuzi, stoo na kalenda.

Tatizo kubwa ni umbali. Karatasi chakavu hujaza nafasi kubwa kwa uzito mdogo, na bei yake hupimwa kwa kilo. Viwanda, kama Chandaria cha Nairobi kinachotengeneza tishu kwa karatasi zilizotumika, huzihitaji kwa tani, ilhali kutoka Arua hadi Kampala pekee ni takribani kilomita 500. Shule moja yenye magunia matatu itaona nauli ikimeza mauzo yote. Lakini malori yanayopeleka bidhaa Vurra kwenye mpaka wa Kongo, au Koboko kuelekea Sudan Kusini, lazima yarudi kusini, na mwenye lori hukubali bei nafuu kuliko kurudisha lori tupu. Atakubali tu akikuta mzigo mkubwa uliokusanywa katika stoo moja. Kwa hiyo mpango huu ni kazi ya ofisi ya elimu ya jiji. Mwalimu mkuu mmoja hataumudu. Hali ya hewa nayo inasaidia: karatasi iliyolowa huota ukungu na kukataliwa, lakini Desemba kiangazi kinaingia eneo hili la West Nile wakati uleule shule zinapofunga.

Wapo watakaosema karatasi haitupwi Arua: huwashiwa jiko na kufungiwa karanga. Ni kweli, na anayeihitaji aendelee kuitumia, ingawa karatasi yenye wino haifai kugusa chakula. Mpango uchukue zile zinazochomwa shimoni bila faida. Wengine watasema walimu wana mzigo wa kutosha. Ndiyo maana ukusanyaji ufanyike mara moja kwa mwaka, wakati wa usafi wa kufunga shule, si kila siku.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba fedha yenyewe ni kidogo. Huenda ikawa hivyo, kwa hiyo bei ikubaliwe kabla mtoto hajabeba gunia. Isipolipa nauli, karatasi zilowekwe, zichanganywe na vumbi la mbao au la mkaa, zishindiliwe na kuanikwa ziwe mkaa mbadala wa jiko la shule. Karatasi peke yake huungua upesi na kuacha majivu mengi, lakini mchanganyiko huo hupunguza kuni za kupikia posho (ugali) na maharagwe. Tangu Mei 2023, Rais Museveni alipopiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi, kila nishati mbadala ina uzito wake.

Desemba ya kwanza iwe ya majaribio katika shule chache za Ediofe: kila gunia lipimwe, na mapato na nauli vibandikwe ubaoni wazazi wavione. Hesabu hiyo ndiyo itakayoamua kama shule nyingine za jiji zijiunge, au karatasi zibaki jikoni.