Kwa nini cheti cha ualimu pekee hakitoshi katika chekechea

MTOTO wa miaka mitatu akisakamwa na punje ya njugu kooni, ubongo wake huanza kudhurika baada ya dakika chache tu za kukosa hewa. Muda huo hautoshi kumfikisha hospitalini kutoka Mwiki, hata kama gari liko langoni.

Atakayemwokoa ni mtu aliye karibu naye wakati huo. Kwa watoto wengi wa mtaa huo ambao wazazi wao hurauka kwenda kazini, mtu huyo ni mwalimu au mlezi wa chekechea. Ndiposa swali la iwapo amefunzwa huduma ya kwanza ni zito kuliko rangi ya sare au wingi wa nyimbo ambazo watoto wamekariri.

Mwiki iko kwenye mpaka wa kaunti mbili. Upande mmoja kuna wadi ya Mwiki katika eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Upande wa pili kuna wadi yenye jina lilo hilo katika eneobunge la Kasarani, Kaunti ya Nairobi.

Ili kuifikia barabara kuu ya Thika, wakazi hupitia Kasarani au Githurai, ambako msongamano wa magari asubuhi na jioni ni jambo la kawaida. Hospitali ya Rufaa, Mafunzo na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa mwaka wa 2019, haiko mbali ukiitazama kwenye ramani. Hata hivyo, kwa mtoto asiyepumua umbali huhesabiwa kwa dakika, si kwa kilomita.

Sheria inasema nini

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Kwa hivyo, mzazi wa Mwiki anayevuka mpaka kumpeleka mwanawe shuleni huwa amemtoa chini ya usimamizi wa kaunti moja na kumweka chini ya nyingine.

Sheria ya Elimu ya Chekechea ya 2021 iliweka utaratibu ambao kaunti zinapaswa kuufuata katika kusajili na kusimamia vituo hivyo. Kuhusu mwalimu mwenyewe, Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ya 2012 inamtaka kila anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa na tume hiyo.

Usajili wa TSC, hata hivyo, ni ithibati ya ualimu. Hauelezi iwapo mwalimu amewahi kufanya mazoezi ya kumsaidia mtoto aliyeacha kupumua, wala mara ya mwisho alifanya hivyo lini.

Kuna sheria nyingine ambayo wamiliki wa chekechea aghalabu hawaikumbuki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, katika kifungu cha 95, inahitaji kila mahali pa kazi pawe na sanduku la huduma ya kwanza linalofikika kwa urahisi. Shule ni mahali pa kazi, hivyo basi chekechea nayo haina kisingizio.

Tatizo ni kwamba sheria hiyo ilitungwa hasa kwa ajili ya kumlinda mfanyakazi. Chukua mfano wa chekechea yenye walimu watatu, mpishi mmoja na watoto 60. Ikipimwa kwa idadi ya waajiriwa, ni mahali padogo pa kazi. Ikipimwa kwa idadi ya watu wanaoweza kuumia humo, ni mahali pakubwa, na wengi wao hawajui hata kueleza wanakoumia.

Fauka ya hayo, sanduku si ujuzi. Bendeji na pamba haziwezi kumtoa mtoto njugu kooni.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Baadhi ya wamiliki wa shule huenda wakajitetea kwamba wana mfanyakazi aliyewahi kupata mafunzo ya huduma ya kwanza katika kiwanda au kampuni ya ulinzi. Mafunzo hayo yana faida, lakini kozi ya kiwandani aghalabu humlenga mtu mzima, ilhali mwili wa mtoto una masharti yake.

Mathalani, mtoto aliyezidi mwaka mmoja akisakamwa, na awe hawezi kukohoa, kulia wala kupumua, huinamishwa na kupigwa mapigo matano katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kitu kisipotoka, mwokoaji humkumbatia kutoka nyuma na kumsukuma tumbo mara tano, akielekeza nguvu ndani na juu. Hatua hizo hurudiwa kwa zamu.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hasukumwi tumbo asilani, kwa kuwa viungo vyake vya ndani vinaweza kuumia. Yeye hulazwa juu ya mkono, kichwa kikiwa chini kidogo, akapigwa mgongoni mara tano, kisha akageuzwa na kusukumwa kifua mara tano. Wala haifai kuingiza kidole kooni kutafuta kitu kisichoonekana, kwani huenda kikasukumwa ndani zaidi.

Kuna pia mazoea ya nyumbani ambayo mafunzo hulenga kuyaondoa. Mtoto aliyeungua kwa uji humiminiwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Hapakwi dawa ya meno, unga wala ute wa yai. Aliyekunywa mafuta taa halazimishwi kutapika, kwa sababu mafuta hayo yanaweza kuingia mapafuni. Mwenye degedege hulazwa kwa ubavu na kuondolewa vitu vya kumuumiza. Hatiwi kijiko mdomoni.

Haya yote yanaweza kusomwa kwa dakika tano. Kuyafanya kwa mikono isiyotetemeka, huku watoto wengine wakilia, ni jambo linalohitaji mazoezi. Isitoshe, ujuzi usiotumiwa husahaulika, ndiyo maana cheti cha huduma ya kwanza huwa na muda wa kuisha, tofauti na cheti cha ualimu.

Wengine wamefanyaje

Mataifa mengine yamelitatua suala hili kwa kuweka sharti juu ya kituo chenyewe. Huko England, kanuni za malezi ya watoto wadogo zinataka angalau mtu mmoja mwenye cheti cha huduma ya kwanza ya watoto awepo wakati wote ambapo watoto wako kituoni, na mwingine aandamane nao wanapotoka kwa matembezi. Cheti hicho hufanywa upya kila baada ya miaka mitatu.

Nchini Australia, kituo lazima kiwe na mtu aliyehitimu huduma ya kwanza, na pia aliyefunzwa kushughulikia pumu na mzio mkali. Anaweza kuwa mtu mmoja mwenye ujuzi wote huo, almuradi apatikane papo hapo. Mafunzo ya kufufua pumzi na moyo hurudiwa kila mwaka.

Kiini cha kanuni hizo ni neno "wakati wote". Chekechea yenye mwalimu mmoja aliyehitimu, ambaye huingia saa mbili asubuhi, haina ulinzi wowote kwa watoto walioachwa hapo saa kumi na mbili na nusu. Akiwa mgonjwa, kituo kizima huwa hakina mwokoaji. Kwa hivyo, wawili ndio idadi ndogo inayoweza kutegemewa.

Kinachowezekana

Mafunzo si jambo geni nchini. St John Ambulance imekuwa Kenya tangu mwaka wa 1928, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilianzishwa kwa sheria ya bunge mwaka wa 1965. Yote mawili hufunza huduma ya kwanza.

Pingamizi kubwa ni gharama. Vituo vingi katika mitaa inayokua kwa kasi kama Mwiki ni vya kibinafsi, vingine huendeshwa katika nyumba za makazi, na karo yake ni ya chini. Ila vituo kadhaa jirani vikichanga pesa na kumwalika mkufunzi mmoja, mzigo huo hupungua. Kaunti nazo zinaweza kulifanya sharti la cheti kuwa sehemu ya ukaguzi, na kuwagharimia walimu wa chekechea za umma zinazowaajiri.

Mzazi, kwa upande wake, hahitaji kungoja. Anaweza kumuuliza mwenye shule maswali manne: Ni nani hapa aliye na cheti cha huduma ya kwanza ya watoto? Kinaisha lini? Nani hushika nafasi yake asipokuwepo? Sanduku liko wapi, na ni nani hulikagua?

Wahenga walisema ajali haina kinga. Hata chekechea iliyo makini haiwezi kuzuia kila punje ya njugu isimfikie mtoto. Inachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika, yupo mtu chumbani anayejua la kufanya kabla ya yeyote kutafuta gari.