Paka Wako na Gharama Zake

Leo tutazungumza juu ya paka. Pengine unacheka na kujiuliza, muuguzi ana shauri gani na paka? Ngoja kidogo.

Hapa Kanyangi paka ni mlinzi wa ghala. Ukishavuna mahindi, pojo na mbaazi, panya huja usiku wakatoboa magunia na kukojolea chakula. Ndiyo sababu tunafuga paka. Lakini wengi wetu tumemfanya kibarua asiye na mshahara: ajitafutie panya, basi. Paka mwenye njaa hatulii nyumbani. Huenda kwa majirani, huiba maziwa, hupigana na wenzake, na katika kupigana huko ndiko anakopata magonjwa. Mpe ugali uliochanganywa na omena au mabaki ya nyama, na maji safi, hata wakati wa kiangazi. Hesabu pia watoto wake, maana paka jike hubeba mimba miezi miwili hivi tu, na huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Daktari wa mifugo anaweza kumfunga uzazi. Na kama una paka, usitege sumu ya panya. Akila panya aliyekufa kwa sumu, naye anaweza kufa, na mtoto anayetambaa anaweza kuiokota sumu hiyo hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa, jina lake limetudanganya. Paka pia huupata, akiumwa na mbwa au mnyama wa porini mgonjwa, kisha humwambukiza mtu kwa kumuuma au kumparura. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kuukomesha ifikapo 2030, na jirani zetu wa Makueni walikuwa miongoni mwa waliotangulia. Lakini siku ya chanjo watoto huleta mbwa kwa kamba, na paka huachwa jikoni! Mtie ndani ya kikapu chenye kifuniko umpeleke. Huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka.

Mama mmoja alinijia na mtoto aliyeumwa mkononi siku nne kabla. Alikuwa amempaka mafuta ya taa na majivu. Nilipomuuliza mbona amekawia, akanijibu, "Sista, ni paka tu." Paka mwenyewe alikuwa ameshatoweka. Tulimwanzishia mtoto sindano siku hiyo hiyo na akapona, lakini sikulala vizuri mwezi ule. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo mtoto akiumwa au akiparurwa na damu ikatoka, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ndiyo, dakika 15 kamili, hata kama maji umeyatoa mtoni kwa punda. Usipake majivu wala pilipili. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sindano huwa nne au tano, kwa siku tofauti, na si kila zahanati inayo dawa hiyo. Jumlisha nauli za kwenda na kurudi, uone kama chanjo ya paka ni ghali. Paka akiwepo, mfungie mahali salama bila kumshika, umwangalie kwa siku kumi. Akibaki mzima, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini usingoje siku hizo kumi ndipo uanze.

Mama mjamzito, wewe usimfukuze paka wako kwa sababu ya maneno ya watu. Ni kweli kinyesi chake kinaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto tumboni. Mwombe mtu mwingine akiondoe kila siku, kwa sababu vimelea hivyo huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Ukilima bustani ya mboga, nawa mikono kwa sabuni. Osha sukuma wiki vizuri, na nyama iive kabisa.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya mashilingi ya kichwani, ambayo wakati mwingine watoto huyapata kwa kulala na huyo huyo paka.