Leseni na Ufunguo wa Mwajiri

Kwa mvuvi wa Kilindoni, kisiwani Mafia, leseni ni idhini ya kuvua. Ndivyo ilivyo katika programu za kusimba baruapepe, yaani kuifanya barua isisomeke bila ufunguo: leseni ni idhini ya kutumia, wala si haki ya kusoma. Programu ya PGP, iliyotungwa na Philip Zimmermann mwaka 1991, baadaye iliuzwa kwa leseni za biashara. Toleo la 5.5, la mwaka 1997, liliwawezesha waajiri kuongeza ufunguo wao wa kufungulia barua za wafanyakazi. Kuuita “ufunguo wa akiba” ni kumficha aushikaye. “Ufunguo wa mwajiri” ni istilahi bora, kwani Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania hustahi mawasiliano ya binafsi, na mfanyakazi yapasa ajue ni nani mwingine awezaye kuisoma barua yake.