Ngano na Joto

Mkate hutengenezwa kwa unga wa ngano. Ngano ni ya jamii moja na mahindi na mpunga, lakini haipendi joto jingi. Ndiyo maana katika Kongo hulimwa kwenye milima ya Kivu yenye baridi, na ngano nyingi hununuliwa ng'ambo.

Katika India ya kaskazini wakulima hupanda ngano mwezi wa 11, baridi inapoanza. Mwezi wa 2 ngano huchanua, mwezi wa 3 punje hujaa, na mwezi wa 4 mavuno huanza.

Punje hujaaje? Majani mabichi hutengeneza chakula kwa nuru ya jua, maji na hewa. Chakula hicho hupanda katika masuke, kikawa wanga ndani ya punje. Kazi hii yataka siku nyingi zenye joto la kadiri, kama digrii 20. Joto likipita digrii 30 siku kwa siku, majani hukauka na mmea hukomaa kabla ya wakati. Punje ni kama kikapu kilichofungwa kabla hakijajaa: hubaki ndogo, nyepesi, yenye makunyanzi.

Unga nao hupungua, kwa maana punje iliyosinyaa ina pumba nyingi. Tena joto kali laweza kuharibu nguvu ya unga. Ukikandwa hauvutiki vema, na mkate hauumuki vizuri.

Mambo hayo yalionekana India mwaka 2022. Joto la mchana la mwezi wa 3 lilipita lile la miezi ya 3 yote iliyopimwa tangu 1901. Katika Punjab na Haryana punje nyingi zilisinyaa. Serikali ilikubali kununua ngano yenye punje zilizosinyaa na kuvunjika hata 18 kwa mia, badala ya 6, ili wakulima wasikose soko. Tarehe 13 Mei ilikataza wafanyabiashara kuuza ngano ng'ambo.

Mkulima hawezi kupoza jua. Lakini aweza kupanda mapema, kuchagua mbegu zikomaazo upesi au zivumiliazo joto, na kumwagilia shamba siku za joto. Hivyo punje hupata nafasi ya kujaa.

Maswali
1. Katika India punje za ngano hujaa mwezi gani?
2. Kwa nini joto kali huacha punje ndogo?
3. Mkulima aweza kufanya nini ili apate mavuno mema?