Treni ya pauni 220 kwa pauni 22: Duka likikosea bei, mzigo ni wako?

Chukua mfano huu. Ni saa tano usiku nchini Uingereza, na mpenzi wa treni za mfano yuko kitandani anaperuzi simu. Ghafla anakutana na kichwa cha treni ya mvuke ambacho juzi tu kilikuwa pauni 219.99. Sasa kimeandikwa pauni 21.99.

Anabofya, analipa. Barua pepe inaingia: "Asante, tumepokea oda yako." Anapiga skrinishoti, anawarushia wenzake wa kundi, analala na tabasamu.

Asubuhi inaingia barua pepe ya pili. Oda imefutwa, bei ilikosewa, pesa zake zinarudishwa.

Je, duka lina haki ya kufanya hivyo? Mara nyingi, ndiyo. Lakini si kila mara, na tofauti imejificha kwenye vitu vidogo ambavyo wanunuzi wengi hawavisomi.

Kwani treni ya kuchezea ni bei gani?

Ukisikia "treni ya kuchezea" unaweza kufikiria kidude cha plastiki cha mtoto. Hizi ni kitu kingine. Ni nakala za treni halisi, zenye mota ndani, rangi zilezile, hadi namba ya ubavuni.

Kipimo maarufu Uingereza kinaitwa OO. Kila kitu ni sehemu moja ya 76 ya ukubwa halisi, na reli zina upana wa milimita 16.5. Ulaya bara na Marekani wengi hutumia HO, ambayo ni sehemu moja ya 87.

Majina makubwa yana historia ndefu. Hornby inatokana na Frank Hornby wa Liverpool, mtu aliyebuni Meccano, ambaye kampuni yake ilianza kuuza treni mwaka 1920. Märklin ya Ujerumani ilianza mwaka 1859.

Leo kichwa kipya cha treni kinaweza kuzidi pauni 200, na ukitaka kinachotoa sauti ya injini, unaongeza pesa. Vingi hutengenezwa China kwa mikupuo. Mkupuo ukiisha, inaweza kupita miaka kabla toleo hilo halijarudi.

Ndiyo maana kuwinda bei nafuu ni sehemu ya burudani yenyewe. Kwa mtu anayeishi kwa pensheni, punguzo la pauni 50 si mchezo.

Bei hukosewa vipi?

Maduka ya treni za mfano yana mtego wake: bidhaa nyingi zinafanana kama mapacha. Kichwa kilekile kinaweza kuwa na rangi tatu, namba tano tofauti, na kila kimoja kikawa na toleo la kawaida na toleo la sauti. Kwenye orodha ya duka, tofauti inaweza kuwa herufi mbili tatu tu mwishoni mwa namba ya bidhaa.

Makosa ya kawaida ni haya:

• Nukta kuhama. 219.99 inakuwa 21.99.

• Bei ya kimoja kuwekwa kwenye pakiti. Mabehewa matatu yanauzwa kwa bei ya behewa moja.

• Kuchanganya matoleo. Chenye sauti kinapewa bei ya kisicho na sauti.

• Programu kujiendesha. Maduka mengi hutumia programu inayopandisha na kushusha bei yenyewe kufuatana na washindani. Ikichanganyikiwa, inachanganyikiwa kwa bidhaa zote kwa pamoja.

Sheria inasema nini?

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Wanaamini kwamba bei ikishaandikwa, duka limefungwa. Kwa sheria ya Uingereza, sivyo.

Kesi inayotajwa sana ni ya mwaka 1953, iliyohusu duka la dawa la Boots. Mahakama ilisema bidhaa kwenye rafu ni mwaliko tu. Mteja ndiye anayetoa ombi la kununua anapoipeleka kwa mhudumu, na duka lina uhuru wa kukubali au kukataa. Rafu ya mtandaoni hufuata mantiki hiyohiyo.

Kwa hiyo swali la msingi si "bei iliandikwa ngapi?" Swali ni "duka lilikubali lini?"

Maduka mengi ya mtandaoni yameandika jibu kwenye masharti yao: mkataba unaanza pale mzigo unapotumwa. Barua pepe ya "tumepokea oda yako" ni risiti ya ombi lako tu. Ile ya "mzigo wako umetumwa" ndiyo yenye uzito.

Na hata duka likishakubali, kuna ukuta wa pili. Kama mnunuzi alijua, au ilikuwa wazi mno, kwamba bei ni makosa, mahakama inaweza kukataa kuutambua mkataba. Mwaka 1939 wafanyabiashara walifikishana mahakamani London kuhusu ngozi za sungura. Muuzaji alikuwa ametaja bei kwa ratili badala ya kwa kipande. Mnunuzi alikuwa mzoefu wa biashara hiyo na alipaswa kuliona kosa. Akashindwa.

Kwa wapenzi wa treni somo ni moja: ukiwa mtaalamu, ni vigumu kujifanya hukujua. Mtu anayekijua kichwa cha pauni 220 kwa namba yake hawezi kushangaa mbele ya hakimu kwamba pauni 22 alidhani ndiyo bei.

Waliopata na waliokosa

Uingereza, 1999. Tovuti ya Argos iliuza televisheni za takriban pauni 300 kwa takriban pauni 3. Oda zikamiminika. Argos ilikataa kuzitimiza.

Uingereza, 2002. Kodak iliweka kifurushi cha kamera cha pauni 329 kwa pauni 100. Ilianza kwa kukataa, lakini wanunuzi walibana: barua pepe ya uthibitisho ilisomeka kama imekubali oda. Mwishowe kampuni ikatuma kamera. Angalia pia bei yenyewe. Pauni 100 ingeweza kuaminika kuwa ofa. Pauni 3 kwa televisheni, hapana.

Singapore, 2003. Printa za karibu dola 3,854 za huko zilionekana kwa dola 66, baada ya bei za mafunzo kuingia kwenye tovuti halisi. Watu sita, baadhi yao mawakili, waliagiza printa 1,606. Walishindwa hadi rufaa mwaka 2005. Mazungumzo yao ya usiku huo yalisaidia kuonyesha kwamba walijua kuna kitu hakiko sawa.

Ujerumani, 2005. Mahakama ya juu ilishughulikia kompyuta mpakato ya euro 2,650 iliyouzwa kwa euro 245 kwa sababu ya hitilafu ya programu. Mzigo ulikuwa umeshafika kwa mnunuzi. Hata hivyo, muuzaji aliruhusiwa kuutengua mkataba na kudai mali yake.

Ukizisoma pamoja, picha inajitokeza. Kadiri bei inavyokuwa ya ajabu, ndivyo haki yako inavyopungua. Na kadiri unavyoagiza nyingi, ndivyo unavyojiumbua. Ile skrinishoti uliyowarushia wenzako na kuandika "haraka kabla hawajagundua" inaweza kugeuka ushahidi dhidi yako.

Upande wa pili wa kaunta

Rahisi kusema "kosa ni lao, wavumilie". Lakini nani hasa anavumilia?

Jioni ya tarehe 12 Desemba 2014, programu ya kupanga bei inayoitwa RepricerExpress ilipata hitilafu. Kwa takriban saa moja, bidhaa za maelfu ya pauni kwenye Amazon Uingereza zikauzwa kwa senti moja kila moja. Waliouza hawakuwa Amazon yenyewe. Wengi walikuwa wafanyabiashara wadogo, baadhi yao familia, wiki mbili kabla ya Krismasi.

Oda nyingi zilifutwa. Lakini mizigo iliyokuwa tayari kwenye maghala ya Amazon, baadhi ilitoka kabla mtu hajawahi kubonyeza kitufe cha kusimamisha. Wapo waliosema walipoteza maelfu ya pauni kwa saa hiyo moja.

Maduka mengi ya treni za mfano ni ya aina hiyo: mmiliki, wasaidizi wachache, na ghala la nyuma. Soko lenyewe si jepesi. Januari 2024, Hattons, duka lililoanza Liverpool mwaka 1946 na kujulikana na wapenzi wa treni karibu wote Uingereza, lilitangaza kwamba linafunga. Halikuangushwa na bei iliyokosewa. Lakini habari hiyo iliwakumbusha wengi kwamba hata duka kubwa la fani hii linaweza kuondoka.

Mteja anayekomalia treni ya pauni 22 anaweza kushinda leo, kisha mwakani akakosa pa kununulia gurudumu la akiba.

Hii haimaanishi duka lina ruhusa ya kudanganya. Kutangaza bei ya chini kwa makusudi ili kuvuta watu, huku ukijua huna mpango wa kuuza kwa bei hiyo, ni kosa kisheria Uingereza. Kukosea na kulaghai ni vitu viwili.

Umekutana na bei ya ajabu? Fanya hivi

1. Soma masharti kwanza. Tafuta sehemu inayosema mkataba unaanza lini. Dakika mbili tu.

2. Agiza moja. Ukiagiza kumi, huonekani tena kama mteja wa kawaida.

3. Usinunue vitu vingine kwa kuitegemea. Reli na mabehewa ya kuendana na kichwa hicho yasubiri hadi mzigo ufike.

4. Ikifutwa, dai pesa zote. Duka linaweza kukataa kuuza, lakini haliwezi kukaa na hela yako.

5. Uliza kwa ustaarabu. Si haki yako, ila baadhi ya maduka hutoa punguzo dogo kama pole. Mteja anayetukana halipati.

Bei nafuu za kweli ziko wapi?

Wawindaji wazoefu hawasubiri nukta ihame. Wanajua duka linaposhusha bei kwa hiari yake.

Mkupuo mpya ukikaribia, matoleo ya zamani hushuka ili ghala lipumue. Rangi zisizopendwa hukaa rafuni, kisha hupunguzwa. Seti nzima ya treni, reli na mabehewa wakati mwingine ni nafuu kuliko kununua kichwa peke yake. Na kwenye minada ya mtandaoni, muuzaji aliyekosea herufi za "Hornby" hupata wanunuzi wachache, kwa sababu bidhaa yake haionekani kirahisi kwenye utafutaji. Hilo nalo ni kosa, lakini bei unayolipa ameikubali mwenyewe.

Tahadhari ni moja kwa vya mitumba: rahisi huvunja upishi. Uliza kama kimejaribiwa kwenye reli, na kama vipande vyote vidogo vipo. Uingereza, ukinunua mtandaoni kwa bei ya kawaida kutoka kwa mfanyabiashara, kwa kawaida una siku 14 za kubadili mawazo baada ya kupokea mzigo. Kwa mtu binafsi, huna.

Na kwa anayenunua Nairobi?

Habari hii haiishii Uingereza. Sheria ya Mikataba ya Kenya inasema wazi kwamba kanuni za mikataba za Uingereza zinatumika huko, isipokuwa pale sheria nyingine inaposema tofauti. Kwa hiyo simu ya shilingi 30,000 ikitokea kwa shilingi 300 kwenye tovuti, maswali ni yaleyale: duka lilikubali lini, na wewe ulijua nini?

Ukiwa na jibu la kweli la swali la pili, mara nyingi utakuwa umeshajua kama mzigo utafika.