Roketi inayoruka na kurudi: juu ya nini mipango ya SpaceX inabadilika kila mara

Mwezi wa tano 2025, ARPTC, ile mamlaka inayosimamia telefone na intaneti inchini Kongo, ilipatia Starlink ruhusa ya kufanya kazi. Mwaka moja mbele yake ilikuwa imeikataza. Leo jina hilo linajulikana hata pale anteni yake haijafika. Kinachojulikana kidogo ni chombo kinachopeleka satelite hizo juu, na ginsi kilivyopatikana kwa shida.

Chombo hicho ni roketi Falcon 9 ya SpaceX, kampuni ya binafsi iliyoanzishwa na Elon Musk kule Marekani mwaka 2002. Roketi hiyo iko na vipande viwili. Kile cha chini, chenye moteri tisa, kinasukuma muzigo kwa karibu dakika mbili na nusu, kinaachana na kile cha juu, kinageuka, kinawasha tena moteri na kushuka kusimama kwa miguu yake mine. Kuna kimoja ambacho kimeruka zaidi ya mara 30.

Zamani karibu kila roketi ilikuwa ya safari moja tu. Ni kama mutu anunue Fuso mpya, apakize maharagi Rutshuru, ashushe Goma, kisha asukume gari ndani ya Ziwa Kivu. Kilo ya maharagi ingekuwa bei gani? Serikali ya Marekani ilikuwa na chombo chake kilichorudi, Space Shuttle, lakini kukitengeneza kisha kila safari kulikula makuta mengi sana.

Mupango wa kwanza wa SpaceX haukuwa moteri na miguu. Ulikuwa parashuti. Falcon 9 iliporuka mara ya kwanza, mwaka 2010, kipande cha chini kilipaswa kushuka baharini polepole kwa parashuti. Kilivunjika hewani mbele parashuti hazijafunguka, kwa sababu kinarudi na mwendo mukali sana, na hewa inakipiga kama ukuta. Basi parashuti zikaachwa. Wahandisi wakaamua kubakisha mafuta kidogo ndani ya tanki kwa ajili ya kufunga breki. Hapo kuna hasara: mafuta ya kurudi nayo ni uzito, kwa hiyo muzigo unapungua.

Mwezi wa kwanza 2015 walijaribu kukishusha juu ya mashua kubwa katika bahari ya Atlantiki. Mafuta yanayozungusha mabawa madogo ya kuongoza yaliisha mbele ya kufika, kikagonga mashua na kulipuka. Mwezi wa ine kilifika, kikaanguka upande. Tarehe 21 mwezi wa 12 ndipo kimoja kilisimama, tena inchi kavu, kule Florida. Na kurusha kwa mara ya pili kipande kilichokwisha kuruka, hiyo ilingoja mwezi wa tatu 2017.

Watu wa SpaceX wanapenda kusema kulipuka ni masomo. Ni kweli, lakini nusu. Roketi inayoanguka ikirudi, muzigo umeshafika. Mwenye muzigo hana hasara. Lakini mwezi wa sita 2015 roketi nzima ilipasuka ikipanda, na chakula cha kituo cha anga kikapotea. Na tarehe 1 mwezi wa kenda 2016, Falcon 9 ililipuka ikiwa ingali chini, wakiijaza mafuta kwa majaribio. Juu yake kulikuwa Amos-6, satelite ambayo Facebook ilikuwa imekodi sehemu yake ili kuleta intaneti Afrika kusini ya Sahara. Mark Zuckerberg mwenyewe alikuwa Afrika siku hiyo. Masomo walipata wahandisi. Intaneti hiyo ya Amos-6 haikufika.

Kuna tena jambo la makuta. Roketi ya kwanza kabisa ya SpaceX, Falcon 1, ilishindwa mara tatu, 2006 hadi 2008. Ya ine ikafaulu, na mwisho wa mwaka huo NASA ikaipa kampuni kontra ya dola miliari 1.6. Bila hiyo, leo ni wachache wangeikumbuka.

Kongo inajua mufano wa upande mwingine. Katika miaka ya 1970, kampuni ya binafsi ya Ujerumani, OTRAG, ilipewa na serikali ya Mobutu eneo la karibu kilometa mraba 100,000 kaskazini ya Shaba, kando ya muto Luvua, katika jimbo linaloitwa leo Tanganyika. Roketi zake hazikuwa za kurudi, ila lengo lilikuwa lile lile: kushusha bei. Waliunganisha mabomba mengi ya namna moja, na kwa kufungua mafuta walitumia mota zile za kupanguza kioo cha gari. Ya kwanza iliruka 1977. Ya tatu, mwezi wa sita 1978, ilianguka Mobutu mwenyewe akiangalia. Wakati huo Urusi ya Kisovieti na inchi jirani zilikuwa zinashuku kwamba ni silaha. Mwaka 1979 kazi ikafungwa. OTRAG haikupewa nafasi ya kubadili mupango.

SpaceX yenyewe ingali inabadili. Ilitaka kurudisha kipande cha juu cha Falcon 9, ikaacha. Ilitaka kudaka kwa wavu kifuniko cha muzigo kikianguka, ikaona ni rahisi kukiokota baharini. Roketi yake mpya, Starship, ilipangwa kujengwa kwa karboni. Kisha ikahamia chuma cha inoksi, kile cha masufuria, kwa sababu ni bei nafuu na kinavumilia joto.

Starship nzima iliporuka mara ya kwanza, mwezi wa ine 2023, ilichimbua beto ya kiwanja chake na kuharibika kisha dakika karibu ine. Mwezi wa kumi 2024 munara ulidaka kipande cha chini kwa mikono ya chuma, jambo ambalo watu wengi walidhani ni muchezo wa sinema. Lakini mwanzo wa 2025 vipande viwili vya juu vilivunjika angani, kimoja mwezi wa kwanza, kingine mwezi wa tatu, mabaki yakaanguka upande wa Karibi na ndege za abiria zikageuzwa njia. Abiria hao hawakuwa ndani ya majaribio ya mutu.

Hadi mwisho wa 2025, hakuna kipande cha juu cha Starship kilichorushwa mara mbili. Satelite kubwa zaidi za Starlink zinakingoja. Kwa sasa kazi ya kuzipandisha ile midogo inafanywa na Falcon 9, na kipande chake cha juu bado kinatupwa kila safari.